MJADALA: Tufute tozo, au tubadilishe anayemlipa mkaguzi? Tuanzie soko la samaki la Mwaloni Kirumba

Mleta mada

Wakuu, habari za leo. Kila bajeti ikisomwa tunasikia tozo zimefutwa, na mfanyabiashara mdogo wa hapa Mwanza bado analia vilevile. Naomba tulijadili bila ushabiki wa vyama.

MKUMBI, ule mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ulianza kutekelezwa Julai 2019. Bajeti ya mwaka huo ilifuta tozo 54, na ukaguzi wa chakula ukatoka TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) ukaenda TBS (shirika la viwango) ili bidhaa moja isikaguliwe na mamlaka mbili. Siyabezi hayo.

Lakini mchukulieni mama anayeuza dagaa wa Ukerewe kwa gunia pale Mwaloni. Anataka afungashe nusu kilo nusu kilo, aweke lebo yake, aingie madukani. Ataanza na TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, mamlaka ya mapato, kusajili jina la biashara BRELA, leseni ya halmashauri, leseni ya mazao ya uvuvi, wasaidizi wake wapimwe afya, jengo likaguliwe, atafute alama ya ubora ya TBS, kisha kuna OSHA (usalama mahali pa kazi) na Zimamoto. Kila ofisi ina fomu yake na siku yake, na mtaji unaliwa kabla hajauza hata pakiti moja. Akipiga hesabu anarudi kwenye gunia.

Mimi sipingi kukaguliwa. Ninachopinga ni mkaguzi kuishi kwa ada ya anayemkagua. Ofisi inayojaza bajeti yake kwa ada itapunguzaje ada? Tazameni halmashauri: kodi ya majengo ilihamishiwa TRA mwaka 2016, ushuru wa mazao ukashushwa 2017. Zimebaki kung'ang'ania leseni, masoko na mialo ya kushushia samaki. Serikali kuu kule Dodoma wakifuta tozo bila kuziba pengo hilo, huku chini itazaliwa nyingine yenye jina jipya.

Napendekeza malipo yawe moja kwa mwaka, kwa kadiri ya mauzo, kwenye dirisha moja, na mgawanyo wa fedha wamalizane wenyewe huko serikalini. Tumeshaonja kitu cha aina hiyo. Vitambulisho vya wajasiriamali vya Desemba 2018 vilikuwa shilingi 20,000 kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Mtu alilipa, akafanya kazi yake. Ubaya ni kwamba aliyevuka milioni 4 aliingia kwenye msururu uleule wa mwenye kiwanda. Tunamwadhibu kwa kukua!

Nipingeni kwa hoja.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, nimefanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara miaka mingi, na nikisikia neno "kurahisisha" huwa naingiwa na hofu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya tuhuma za uvuvi wa sumu. Waliorudisha soko ni wakaguzi na maabara. Ile maabara ya samaki ya Nyegezi ndiyo inayotupa ujasiri wa kusema minofu yetu ni salama.

Na tusisahau kuzama kwa MV Nyerere, 20 Septemba 2018, karibu na Ukara. Kivuko chenye uwezo wa kubeba abiria 101, wakafa zaidi ya 220. Kanuni ya idadi ya abiria ilikuwepo; haikusimamiwa. Leo ukimwambia mtumishi asimsumbue mwenye biashara, kesho atafumbia macho chombo kilichojaa.

Halafu, huyo mama wa dagaa akipata barua ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) pale Nyakato, TBS inamhudumia kwa kuanzia bila malipo. Wangapi pale Mwaloni wanalijua hilo?

Mchangiaji wa 2

Niko Igombe. Mnazungumzia ada, mimi nazungumzia siku. Dagaa wakipigwa na mvua ukiwa kwenye foleni ya kibali cha kusafirisha, nani atanilipa?

Mleta mada

Ndugu yangu wa minofu, kwenye maisha ya watu na usalama wa chakula hatuna ugomvi. Sitaki hata mkaguzi mmoja wa vyombo vya majini apunguzwe. Ila mfano wako wa SIDO unanipa nguvu: kumbe ubora unaweza kupimwa bila kumtoza mtu mwanzoni! Basi kwa nini isiwe hivyo pia Zimamoto, afya na halmashauri, angalau kwa mwaka wa kwanza wa biashara?

Wa Igombe, umegusa penye kidonda. Kibali cha kusafirisha kiwe na saa ya mwisho ya kujibiwa, na saa hiyo ikipita bila sababu ya maandishi, mzigo uondoke.

Naongeza ombi moja kwa madiwani wa Ilemela na Nyamagana kama wanatusoma: bandikeni kwenye kila mwalo na soko orodha ya malipo yote, kiasi chake, na sheria iliyoyaweka. Wenye risiti za mwaka huu, hebu wekeni hapa majina ya tozo mlizolipa (funikeni majina yenu) tuone zipi zinajirudia.