Hizi "Sudoku maalumu" za wikendi, mnatuona mazuzu?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Kuna gazeti la wikendi huwa nanunua kwa ajili ya ukurasa wa chemshabongo tu, habari zao nawaachia wengine. Siku hizi wametuletea "Sudoku maalumu", yaani ile ya kujaza namba 1 hadi 9 bila kurudia kwenye mstari wala boksi la 3 kwa 3, ila imechorewa sheria za ziada: vipimajoto (namba zipande kuanzia kwenye tungi), vizimba vya kujumlisha, mishale, na diagonali mbili za rangi ya waridi. Halafu ndani wamekujazia namba 32! Nikapuuza mapambo yote, nikaijaza kama Sudoku ya kawaida, ikaisha. Vile vipimajoto sikuvigusa hata kimoja. Sasa viliwekwa vya nini?

Sudoku ya kawaida ikianza na namba chini ya 17 haiwezi kuwa na jibu moja tu. Mwanahisabati Gary McGuire na wenzake wa Dublin, Ireland, walilithibitisha hilo kwa kompyuta mwaka 2012. Sheria ya ziada kazi yake iko hapo: ibebe mzigo wa namba ulizoondoa. Mwaka 2020 Mitchell Lee alitunga moja yenye namba mbili tu, 1 na 2, basi! Sheria: namba zinazofanana zisikae umbali wa hatua moja ya mfalme wala ya farasi wa sataranji, na visanduku vinavyopakana ubavuni visiwe na namba zinazofuatana. Inafunguka yote kwa kufikiri, hubahatishi popote. Simon Anthony, Mwingereza anayefumbua Sudoku kwenye YouTube, aliifumbua mbele ya kamera, na mwanzoni alidhani anataniwa.

Rudi kwa hawa wetu. Jumapili iliyopita: kizimba cha visanduku viwili, jumla 18. Kumi na nane! Namba hairudiwi ndani ya kizimba, kwa hiyo kikomo ni 9 na 8, yaani 17. Nani aliijaribu kabla haijaenda mtamboni? Nyingine ilikuwa na majibu mawili: 4 na 7 zimebaki kwenye pembe nne za mstatili, mistari miwili ya mlalo, miwili ya wima, boksi mbili. Unazibadilisha upendavyo na bado iko sawa. Wao wakachapa jibu moja, aliyejaza lile jingine eti kakosa.

Nikawaandikia. Jibu: "Ugumu ndiyo raha yenyewe." Ugumu upi, jamani?

Mhariri, kama unapita humu: bakiza sheria moja, punguza namba mpaka sheria hiyo isikwepeke, kisha mpe mtu mwingine aijaribu kwa penseli. Hamuwezi? Turudishieni ile ya kawaida.