Mjadala: Hela za vyuo ziende kwenye uigaji wa kompyuta, au maabara kwanza?

Mzazi wa Ubungo: Wadau, kijana wangu anasoma baiolojia hapa Dar. Anataka kuiga kwa kompyuta jinsi chaneli ya potasiamu, yaani protini yenye tundu kwenye ukuta wa seli, inavyopitisha potasiamu na kuikataa sodiamu, ilhali sodiamu ndiyo ndogo. Tununue kompyuta za hayo, na maabara hazina hata vitendanishi, yaani kemikali za majaribio?

Mwanakemia: Tununue. Mwanasayansi MacKinnon alitoa picha ya chaneli hiyo 1998, akapata Nobel 2003. Ila picha imetulia, protini haitulii. Tuliambiwa oksijeni za kwenye chujio, ile sehemu nyembamba ya chaneli, zinaikaa potasiamu barabara, sodiamu inapwaya. Uigaji wa 2004 ukaonyesha atomi za chujio zinatikisika kupita tofauti ya nusukipenyo za ioni hizo (atomi zenye chaji), isiyofika nanomita 0.04. Kinachoipendelea potasiamu ni oksijeni zenyewe kusukumana, hazikubali kubanwa kuizunguka sodiamu. Hayo huyaoni kwa kukoroga chupa.

Fundi Maabara, Temeke: Kukoroga chupa? Mwalimu, tuheshimiane. Wanafunzi wenu tunawapokea hawajui kushika pipeti. Na hiyo picha ya 1998 imetoka wapi? Watu walikuza fuwele za protini, wakazipiga eksirei. Bila wao kompyuta yako ingeiga nini?

Mwanakemia: Sijamdharau mtu.

Fundi Maabara, Temeke: Umedharau, na umeandika mwenyewe.

Dada wa Famasi, Kariakoo: Kaka zangu, mzazi mmemwacha njiani. Halofantrini ilikuwa dawa ya malaria, ikaja kuonekana inavuruga mapigo ya moyo kwa kuziba chaneli ya potasiamu ya moyoni. Kijana akiijua chaneli hiyo, atasaidia kushtukia dawa za namna hiyo mapema.

Mdau wa Mbagala: Mbona hao waigaji hawaelewani? Wengine wanasema ioni zinapita na maji katikati, uigaji wa 2014 ukasema zinapita zikigusana, bila maji. Nani aamue?

Fundi Maabara, Temeke: Maabara ndiyo iamue! Dada, hata hiyo dawa ilipimwa kwenye seli halisi.

Mwanakemia: Programu ya uigaji wa molekuli kama GROMACS ni ya bure, kijana anaweza kuanza leo. Vitendanishi vinaagizwa nje, vinakwama bandarini.

Mzazi wa Ubungo: Kwa hiyo ajira yake itakuwa wapi?

Fundi Maabara, Temeke: Mzazi, ngoja kidogo. Mwalimu, tunawapimia sampuli mpaka usiku, chapisho likitoka jina la fundi halimo. Mtaanza lini kutuandika?