American Psycho: nimefika katikati nimekwama, hivi hii ni kejeli au uchafu tu?

Kipanga wa Kimara:

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa waliosoma kitabu kinaitwa American Psycho cha Bret Easton Ellis. Nilikikuta kwa wale jamaa wanaopanga vitabu chini pale Posta, kasema buku tano tukavutana weee mpaka buku tatu na nusu, hakina hata jalada la nyuma. Muvi niliicheki kitambo, ile ya Christian Bale, niliielewa sana nikasema ngoja nisome chenyewe.

Sasa mwanzo kurasa kibao ni suti tu. Jamaa anaitwa Patrick Bateman, miaka 26, anapiga kazi Wall Street, mtaa wa mabenki kule New York (kazi yenyewe huioni, anafika ofisini anaangalia TV na kuweka nafasi mgahawani), na kila mtu akiingia mlangoni lazima uambiwe koti la nani, tai ya nani, viatu vya nani, mpaka soksi. Asubuhi akiamka anajipaka vitu usoni kurasa na kurasa. Nikawa nasinzia kwenye mwendokasi. Halafu ghafla bila hodi damu hiyo hapo, na sio damu ya kwenye muvi aisee, ni mambo siwezi kuyaandika hapa. Juzi nimekaa dirishani kumbe kuna mama mtu mzima pembeni ananichungulizia na Kiingereza anakijua vizuri tu, tulipofika Magomeni akaniuliza kwa upole "baba, unasoma nini hicho?" Nikakifunga nikakitia kwenye begi, mpaka Kivukoni sikuweza kumwangalia usoni.

Swali langu, watu wanasema ni kejeli, anawachamba matajiri. Mbona mimi sicheki? Nimalize au nimrudishie jamaa wa Posta anibadilishie?

Chai ya Rangi:

Badilisha chukua cha mapishi 😂😂

Babu Kurasa:

Kipanga hujakosea kuchefukwa, kiliwashinda hata wenyewe. Kilitakiwa kutoka na kampuni ya uchapishaji ya Simon & Schuster, walishampa jamaa malipo ya awali dola 300,000 kabisa, vipande vikaanza kusambaa kwenye magazeti, zogo likawa kubwa, mwezi wa 11 mwaka 1990 wakakitema wakati kimebaki kidogo tu kiingie madukani. Hela hakurudisha. Wachapishaji wengine, Vintage, wakakidaka, kikatoka 1991. Huku nyuma tawi la chama kikubwa cha wanawake kule Los Angeles linaitisha mgomo watu wasinunue, mwandishi anatumiwa vitisho vya kuuawa, na kumbuka ni kijana wa miaka 27 tu. Australia walikifunga kwenye nailoni kama shuka jipya, chini ya miaka 18 huuziwi.

Sasa mimi nilikisoma mara mbili, ya kwanza nikakichukia kama wewe. Mara ya pili nikasikiliza sauti. Ukisoma anavyoelezea tai, halafu ukasoma anavyoelezea kumchoma mtu kisu, sauti ni ileile, kama mtu anayesoma risiti ya supamaketi. Hapandishi wala hashushi. Katikati ya maiti anatoa sura nzima kumchambua mwanamuziki Whitney Houston, nyingine bendi ya Genesis, nyingine mwanamuziki Huey Lewis, utadhani mtangazaji wa redio usiku. Kejeli iko hapo, kwamba kwa huyu mtu maji ya kunywa ya chupa na roho ya binadamu vina uzito mmoja, tena maji yamezidi kidogo. Na jiulize mwenyewe kwa haki, ulivyokuwa unasinzia kwenye suti ulikuwa unasubiri nini? Mimi nilijishika nikiruka kurasa za nguo nitafute "tukio". Nilijisikia vibaya sana siku hiyo.

Kingine, hakuna anayesikiliza. Kuna sehemu demu anamuuliza kazi yake, anajibu ni mauaji na kunyonga watu, kwa Kiingereza yale maneno yanakaribiana mlio na biashara ya kununua na kuunganisha makampuni, basi demu ndo anasikia hivyo hivyo na maongezi yanaendelea. Hapo mimi nilicheka mpaka mke wangu akaja. Na shujaa wake Bateman unajua nani? Donald Trump! Kila mgahawa anaoingia macho yanamtafuta Trump. Na hiyo ni 1991.

Mzee wa Msimamo:

Vitabu vya namna hii vipigwe marufuku bandarini, vinaingiza mapepo kwa vijana halafu tunashangaa.

Dada wa Tabata:

@Mzee wa Msimamo shikamoo mzee wangu. Kwenye marufuku hapana. Riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971 ikapigwa marufuku mashuleni, baadae ikaja kuwekwa kwenye vya kiada na mimi nimejibia mtihani. Kwa hiyo kufungia haijawahi kutusaidia.

Ila na nyie kaka zangu mnaosifia sauti, sauti, hebu nami niseme. Mimi nilikimaliza chote, sikukimbia. Wanaume kwenye kile kitabu wanakufa haraka. Yule Paul Owen, mwenzake wa Wall Street, ni shoka, basi, tunaendelea. Wanawake wanapewa kurasa. Kwa nini? Mtaniambia ni Bateman ndo anaangalia hivyo sio mwandishi, sawa, nimeelewa mara ya kwanza. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa nani? Wale wadada anaowalipa anawapa majina yeye mwenyewe, wewe utaitwa Christie wewe Sabrina, na mpaka wanatoka kwenye hadithi hujui hata mmoja kwao wapi, ana mtoto, ana mama. Rosa wa Kezilahabi yalimkuta mabaya mangapi, lakini Rosa unamjua! Unajua ukali wa baba yake, unajua anavyoogopa. Akianguka unaumia. Hapa ukisoma unaishia kuziba mdomo usitapike, na kutapika sio kuumia.

Halafu ile muvi mnayoisifia ya 2000 imeongozwa na mwanamke, Mary Harron, na ameiandika na mwanamke mwenzake. Mambo mengi ya kinyama wameyaacha nje, kamera inabaki kwenye uso wa jamaa, anaongea pumba zake za muziki huku kavaa koti la mvua la plastiki ndani ya nyumba, na unamcheka yeye. Matajiri wamechambwa vizuri tu bila kuchinja mtu ukurasa mzima. Sasa zile kurasa kwenye kitabu zilikuwa za nini?

Babu Kurasa:

Dada hapo kwenye kalamu umenibana, sina jibu zuri. Nilikuwa nataka kusema bila zile kurasa msomaji angempenda Bateman, ila wanaompenda wapo vilevile, nenda TikTok uone vijana wanavyomuweka kama mfano wa mwanaume aliyefanikiwa 🤦🏾

Belo la Karume:

Mimi nauza mitumba Karume, makoti na mashati ya kiume, na nahisi ndo mtu pekee Dar nzima niliyefurahia zile kurasa za suti 😂 Majina yale nayajua kwa vidole, Valentino, Armani, Ralph Lauren. Tukifungua belo alfajiri hatuangalii nguo, tunageuza kola. Mkono unakimbilia lebo kabla jicho halijaona kama shati lina mikono miwili. Koti zuri, kitambaa kizito, halina jina, linaenda kwenye fungu la chini. Koti limetobolewa na nondo lakini lina jina linatundikwa kwenye hanga juu kabisa watu walione.

Sasa kuna kijana mmoja alikuja kwangu, msafi, ananukia, akachagua shati jeupe limechanika kuanzia kwapa mpaka ubavuni. Nikamwambia bosi hilo limeshakufa chukua lingine, akasema hapana ni hilo hilo. Akatoa buku nne bila kubishana, akaenda kwa fundi cherehani pale nje akamwambia atoe lebo ya kwenye kola aishonee kwenye shati alilokuwa amevaa. Akavua, akakaa kwenye benchi na singlendi anasubiri. Fundi akachukua wembe akawa anaikata nyuzi mojamoja taratibu kama anamtoa mtoto mwiba. Likaisha, akavaa, akajiangalia kwenye kioo changu, akaondoka, shati alilonunua kaliacha benchini na fundi mpaka leo anafutia mafuta ya cherehani. Nilichojiuliza, lebo iko ndani ya kola, nani ataiona?

Kwa hiyo nilivyofika pale wanatoleana kadi za biashara, rangi ya mfupa, maandishi yamenyanyuka, na jamaa anakosa amani kabisa kwa sababu ya mwenzake imependeza zaidi, mimi sikuona Marekani pale, nilimuona yule kijana na singlendi yake. Na huku kwetu kadi ni funguo za gari. Angalia watu wakifika baa ya Masaki, funguo inawekwa mezani kabla hata hajakaa, na simu inalazwa kifudifudi ili kamera zihesabike.

Halafu vile wanavyochanganyana majina! Paul Owen anamwita Bateman "Marcus Halberstam" mpaka anauawa, anakunywa nae, anakula nae. Tai anaitambua ni ya nani, aliyevaa tai hamtambui. Zile kurasa za wanawake niliruka dada, sikuweza.

Kipanga wa Kimara:

Nimerudi wakuu. Nimemaliza jana usiku, umeme ulikatika nikamalizia kwa tochi ya simu, sio kitu cha kumshauri mtu.

Dada wa Tabata nakubaliana na wewe zaidi ya nusu, kuna kurasa kama nane hivi nimezibana na stepla, kitabu changu, nimelipia. Lakini kuna sehemu nimecheka kwa mara ya kwanza tangu nianze. Ambaye hajasoma aruke hapa. Bateman anarudi kwenye ile fleti ya Paul Owen ambako alificha miili, anategemea akute harufu, polisi, kitu. Anakuta dalali! Mama dalali anawaonyesha watu fleti, imepigwa rangi upya, maua kila kona, mengi kupita kiasi. Dalali anamuuliza umeona tangazo gazetini, jamaa anasema ndio, kumbe hakuna tangazo. Dalali anamwambia ondoka, usilete matatizo, na usirudi tena. Haulizi kitu. Anataka nyumba itoke.

Nimecheka kwa sababu chumba ninachokaa hapa Kimara nilipewa na dalali, nikamuuliza aliyekuwepo kaenda wapi, akanijibu haraka sana "kahamishiwa Dodoma, serikali hiyo". Chumba kinanukia rangi mpya mpaka macho yanawasha. Nimeshalipa miezi sita na hela ya udalali ya mwezi mmoja ndo jirani ananiambia kwa huruma kwamba mwenzangu alifia humo ndani, akakaa siku mbili bila mtu kujua. Nikampigia dalali. Akasema "sasa bro, si alikuwa anaenda Dodoma kweli, hakufika tu."

Babu Kurasa, kile kibao cha mwisho kabisa kinachosema hapa sio njia ya kutokea nilikisoma nimekaa humohumo chumbani, mnielewe.

Yule mama wa mwendokasi nimekutana nae tena leo asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaliangalia begi kwanza ndo akakaa.

Chai ya Rangi:

Hicho chumba ukihama unishtue. Maji yapo? Kwa mwezi bei gani?