Bendi uliyoilia ikirudi jukwaani: tupeane uzoefu

Mtoto wa Magomeni (mleta uzi)
Wakuu, wiki nzima sisi wapenda ska-panki wa Dar, ule muziki wa ska ya Jamaika uliochanganywa na panki, hatulali. Tupo kumi na mmoja, msicheke. Kundi letu la Marekani lililovunjika zamani limetangaza kurudi na kuzunguka miji. Jina nalihifadhi, maana nikilitaja mtaniuliza ni dawa ya nini.

Mimi ugonjwa huu niliupata kibanda cha gemu. Kwenye ile Tony Hawk's Pro Skater ya 1999 kuna wimbo wa Goldfinger, Superman. Gitaa linakwanyuliwa haraka haraka katikati ya mapigo, kisha tarumbeta zinaingia kama msafara wa harusi unakatiza Kawawa Road. Nilikuwa nalipia muda, halafu sichezi, naacha wimbo uishe. Mwenye kibanda akaniona taahira.

Sasa leteni zenu. Bendi yoyote, ilimradi ilivunjika ukaumia, halafu ikarudi.

Babu Sikinde
Mjukuu, hiyo ska siijui ila tarumbeta nazijua. Mwaka 1985 tajiri wa bendi ya Safari Sound aliibomoa Mlimani Park, bendi yetu ya dansi tunayoiita Sikinde, mchana kweupe. Aliwachukua wanamuziki sita, waimbaji Gurumo na Bichuka wakiwemo, ukazaliwa mtindo wa Ndekule. Sisi wa Sikinde tulikuwa kama tumefiwa.

Bichuka alikuja kurudi. Usiku wake wa kwanza sikuwepo, nilikuwa zamu bandarini! Mwenzangu alikuja asubuhi sauti imemkauka, anajaribu kuniimbia alivyopandisha ile sauti nyembamba, inatoka kikohozi. Nikamnunulia chai, aendelee kukohoa. Jumapili iliyofuata nikaenda mwenyewe. Mdomo wa bata, ile ala ya kupuliza, ulipolia tu, wanaume wazima pale wakaacha bia mezani, na wakati ule bia haikuwa kitu cha kuacha. Gurumo yeye akaishia Msondo, bendi ya wapinzani wetu, na kwa hilo sijasamehe mtu.

Dada wa Mtoni
Mimi ni wa TMK Wanaume, kundi la Bongo Flava la Temeke. Walipogawanyika 2006, Juma Nature akaenda na Wanaume Halisi, nyumbani kwetu tukagawanyika vilevile. Kaka Halisi, mimi Family, mama anatuambia wote tuoshe vyombo.

Ila kisa changu ni cha kundi jingine, silitaji. Miaka baadaye "wamerudi". Nikasuka, nikakopa viatu, nikafika saa tatu. Wakapanda saa tisa usiku, nyimbo tatu za pleibeki, mmoja wao kasahau beti yake mwenyewe! Sisi ndio tukaimalizia, ukumbi mzima, neno kwa neno. Nilirudi na bodaboda viatu mkononi, nina hasira, na bado naimba. Mpaka leo sijui niiweke fungu gani.

Msafiri66
Niliishi Coventry, mji walikotoka The Specials. Mleta uzi hao anawajua, ska ya Jamaika waliichanganya na panki tangu miaka ya sabini. Waliporudi kuzunguka 2009 nilikata tiketi. Jerry Dammers, aliyeliasisi kundi, hakuwemo, na nje watu walikuwa wanabishana kama hiyo ni bendi au ni jina tu. Ndani ubishi uliisha kwa wimbo wa kwanza. Pembeni yangu kulikuwa na baba mmoja wa makamo, suti nyeusi, kofia fupi, kitambi kinamzuia kuruka. Akanishika bega ili aruke. Hatujuani! Terry Hall anaimba na uso wake mkavu kama hakimu, sisi chini tunamwaga jasho. Desemba 2022 akafariki. Nashukuru sikuwasikiliza wabishi.

Babu Sikinde
Umenena. Ila mimi bado nauliza kwanza: nani yupo, nani hayupo?

Mtoto wa Magomeni
Babu, wapo wote isipokuwa mpiga tromboni. Ndiyo inayoniuma, maana ska bila tromboni ni pilau bila binzari.

Kwenda hatuendi, nauli na viza tumeshapiga hesabu tukacheka. Siku hiyo tunakutana Tabata kwa mwenzetu, tunafungulia nyimbo zote kwa mpangilio. Mmoja wetu anapuliza tarumbeta kanisani, anakuja nayo, majirani tumeshawaomba radhi. Mwenye tromboni aje PM, ujumbe wa faragha.

Babu Sikinde
Saa ngapi? Nakuja na kiti changu.