Tupeane uzoefu: stoo yako ya chakula inavukaje kifuku?

Mama Kitangari, Newala
Wapendwa, habari za huko. Sisi wa kusini mvua yetu ni moja kwa mwaka. Ulichovuna Mei na Juni ndicho hichohicho mpaka mwakani. Januari ikifika hela ya korosho imeshaishia kwenye madeni na sare za shule, shambani bado majani, na mahindi sokoni hayashikiki.

Mwaka juzi nilikuwa na gunia 2 stoo, nikalala usingizi. Februari nafungua la pili, unga unanimwagikia miguuni kabla sijatia mkono. Punje zimebaki maganda. Skania, yule mdudu mtoboa nafaka! Nililia, watoto wananitazama.

Nikaanza upya. Nilitoa kila kitu nje, nikaziba nyufa kwa udongo, nikajenga kichanja cha mianzi kimo cha goti, magunia yasiguse sakafu wala ukuta. Mahindi nikishayapukuchua naanika kwenye turubai, kisha napima kwa chumvi: chupa ya kioo iliyokauka, konzi ya mahindi, kijiko cha chumvi kavu, natikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado mabichi, yanarudi juani. Ikidondoka chini yote, natia kwenye ile mifuko ya tabaka 3, ya nailoni miwili ndani na kiroba nje. Kila tabaka nalikamua hewa, nalisokota, nalifunga kivyake. Mdudu hewa ikimwishia anafia humohumo. Ila usiwe unafungua kila siku kuchota! Nikifungua mfuko natoa debe zima la kula, nafunga tena palepale.

Mahindi ya kuongezea nanunua Juni kwa hela ya ufuta, bei ikiwa chini. Nikisubiri ya korosho nimechelewa.

Haya, leteni yenu. Nataka sana kusikia wa samaki na wa makopa, mihogo mikavu.

Mwana Mikindani
Samaki niulizeni mimi, mume wangu mvuvi. Ng'onda nampasua, natoa matumbo, naosha, nampaka chumvi mpaka kwenye mikunjo ya nyama, analala nayo usiku kucha. Asubuhi anakwenda kwenye kichanja cha wavu. Mchangani sianiki, mchanga hautoki tena na nzi wanamfikia kirahisi. Nikimkunja asipinde, amekauka.

Nilipokosea mimi ni kumfunga kwenye mfuko wa nailoni. Wiki 2 tu akatoa jasho, ukungu wa kijani, nikamwaga kapu zima. Siku hizi namfunga kwa karatasi, namtia kwenye kapu la ukindu, nalitundika upande moshi unakopita. Jua likitoka siku za mvua, namtoa aote.

Nazi msizifue mapema. Ikiwa na makumbi yake inakaa miezi.

Mkulima wa Ruangwa
Kunde na choroko mimi naweka kwenye madumu ya lita 20 ya mafuta ya kula, yaliyooshwa na kukauka kabisa. Jaza mpaka shingoni, gongagonga dumu chini, zitashuka, ongeza tena. Kifuniko kaza, zungushia mpira wa tyubu. Dumu nusu lina hewa, na penye hewa wadudu wanazaana. Mama yangu alichanganya na majivu yaliyochekechwa, na zilifika msimu wa kupanda.

Jambo moja linanikera sana. Kuna nyumba ukiingia stoo, salfa ya mikorosho imeegemea gunia la mchele. Jamani, dawa ijengewe kibanda chake, ifungwe kufuli. Watoto wanaingia humo.

Binti wa Lindi Mjini
Mimi nimepanga chumba kimoja. Ndoo 4 za mfuniko chini ya kitanda, kila moja ina kipande cha plasta nilichoandika tarehe ya kununua. Ya zamani inakaa mbele. Unga sinunui mwingi, joto la Lindi linauchachusha.

Swali: nina makopa kilo kama 10 kutoka kwa bibi, nayahifadhije?

Bibi wa Tandahimba
Mwanangu, makopa skania anayapenda kama mahindi. Yavunje: likikatika kwa mlio, limekauka. Yatie kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, uyale mapema. Mimi mihogo yangu mingi naiacha shambani, nang'oa ya wiki. Ardhi ndiyo stoo yangu.

Muulize bibi kama ni muhogo mchungu. Kama ni mchungu, usisonge unga wake hivihivi. Uloweshe kwa maji mpaka uwe chepechepe, utandaze mwembamba kwenye mkeka, kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu ipande na hewa, ndipo usonge siku hiyohiyo. Njaa ikibana watu wanaruka hatua, na mkoa wetu wa Mtwara tumeshaona ugonjwa wa konzo. Mtoto analala mzima, anaamka miguu haimbebi, na haiponi.

Binti wa Lindi Mjini
Nimempigia sasa hivi. Anasema ni mchungu. Asante sana bibi, mkeka ninao.

Mama Kitangari, Newala
Bibi, shikamoo. Mimi nilikuwa nasonga bila kulowesha miaka yote. Huo wembamba wa kutandaza ni kiasi gani?

Bibi wa Tandahimba
Marahaba. Usizidi upana wa kidole chako cha mwisho.