Kompyuta ya mfukoni kwa asiyeona: yenye skrini au kiboksi tu?

SikioMacho

Habari zenu wakuu. Mi sioni kabisa, natumia NVDA, ile programu ya kunisomea skrini kwa sauti, kwenye laptopu ya inchi 15 miaka mingi tu sasa na bega limeshachoka, kila ninapoenda nabeba dude ambalo nusu yake ni kioo na hicho kioo hakinisaidii chochote, yaani nakibebea watu wengine. Kazi zangu si za ajabu, ni Word, Excel kidogo, barua pepe, kusoma vitabu na kuandika kumbukumbu za vikao.

Sasa nimesikia kuna hivi vilaptopu vya mfukoni aina ya GPD Pocket, inchi 7, vinaendesha Windows kamili kabisa. Mwingine akaniambia achana na skrini, chukua kile kiboksi cha kompyuta kinachokaa kiganjani, chomeka pawabenki, kibodi na hedifoni, basi. Kichwa kimeniuma. Ninachoogopa ni viwili, kibodi ndogo hivyo vidole kumi vinakaa wapi, na pili sauti ikikata katikati ya kikao na hakuna kioo hata cha kumwomba jirani aniangalizie, nafanyaje? Wenye uzoefu naomba msinifiche kitu.

VidoleKumi

Karibu ndugu. Mi nina kilaptopu cha inchi 7 na ndo ninachoandikia hapa. Usiulize prosesa kwanza, uliza kibodi. Kwenye inchi 7 vidole kumi vinaingia lakini vinabanana, wiki ya kwanza nilikuwa naandika kama mlevi, baadaye mkono ukazoea. Chini ya hapo, zile za inchi 6, unashika mikono miwili unabonyeza kwa vidole gumba, na kwa mtu aliyejifunza kuandika kwa kupapasa F na J hiyo ni kuanza upya kabisa.

Herufi lakini si tatizo, tatizo ni vitufe vingine. Ili nafasi itoshe wanahamisha nukta, mkato, mabano, sijui nini, kila kampuni na mawazo yake, afu Home na End zinajificha nyuma ya Fn. Insert, kitufe cha amri za NVDA, usitegemee, weka Caps Lock iwe kitufe cha NVDA na uchague mpangilio wa laptopu, utapona. Mi nimebandika vitone vya gundi kwenye vitufe vinne hivi ambavyo nilikuwa navipoteza kila siku. Kabla hujalipa mwombe mtu anayeona akusomee kibodi safu kwa safu, picha ya tangazo inatosha.

Kingine, mkiambiwa pazia la skrini linaokoa betri msikubali haraka. Lile pazia la NVDA linafanya kioo kiwe cheusi, ni zuri sana kwa siri zako maana jirani hachungulii barua zako, ila kwenye vioo vingi vya hivi vimashine taa ya nyuma inaendelea kuwaka. Shusha mwangaza mpaka sifuri, hapo ndo utaona tofauti.

Na niseme kimoja kilichonitoa jasho. Hivi vimashine baadhi vinatumia vioo vya tableti vilivyolazwa, Windows ikishawaka inajigeuza yenyewe lakini kule BIOS, ule ukurasa wa mipangilio kabla Windows haijawaka, maandishi yanabaki yamelala ubavu. Na BIOS haiongei, hilo mnalijua. Siku moja kimashine changu kiligoma kuwaka nikashika simu na programu ya kusoma maandishi kwa kamera, ikawa inanisomea matapishi tu, nikajua kioo kimekufa. Nusu saa nzima! Kumbe nilitakiwa niisimamishe simu kwa upande. Aliyeniambia ni mtoto wa jirani, alicheka mpaka basi.

Kiboksi_Bila_Kioo

Mi nipo upande wa pili, mwaka wa tatu huu nazunguka na kiboksi, na sirudi nyuma. Kibodi nimechagua mwenyewe, ya ukubwa wa kawaida inayokunjwa, kwa hiyo hiyo hadithi ya nukta imehamia wapi mi hainihusu. Watu wanaona kama kitu kipya lakini wasioona walikuwa na Braille 'n Speak tangu 1987, kimashine cha vitufe saba vya nukta nundu, hakina skrini hata ya dawa, kinaongea tu na watu walikiandikia vitabu. Kwa hiyo sisi hatujabuni kitu.

Ila usiingie kichwa kichwa. Ukinunua, hakikisha kinakubali umeme wa USB-C na pawabenki yako inatoa wati zinazotakiwa, maana pawabenki ya simu ya kawaida inaweza kukiwasha vizuri afu kikizidiwa kidogo tu kinazima puu, na kiboksi hakina betri ndani, kikizima kimezima na ulichokuwa hujahifadhi kimeenda. Word iweke ijihifadhi kila baada ya dakika 1. Kibodi iwe na waya au kile kipokezi chake cha USB, angalau ya akiba, kwa sababu Bluetooth mara nyingi haifanyi kazi mpaka Windows iwake, na siku ya matatizo ndo siku utakayoihitaji. NVDA nayo uiruhusu ianze kwenye ukurasa wa kuingia, siyo baada ya nywila, la sivyo utakuwa unaandika nywila gizani.

Sasa kuhusu sauti kukata. Kuna mashine bila kioo zinasumbua, madirisha yanakuwa madogo ajabu, kwa hiyo watu wanachomeka plagi ya HDMI ya uongo ili Windows ijue kuna skrini. Nami nikachomeka. Siku moja baada ya masasisho nawasha, kimya. Nazima nawasha, kimya. Nikaanza kuomboleza. Kumbe Windows imeona plagi ya HDMI ikadhani ni televisheni, ikapeleka sauti yote huko, NVDA ilikuwa inaiongelesha plagi asubuhi nzima 😂. Niliichomoa tu, sauti ikarudi masikioni.

Ikitokea kwako, usiguse umeme kwanza. Bonyeza Windows, Control, Shift na B kwa pamoja, ukisikia mlio mfupi basi mashine iko hai na sauti inatoka, aliyelala ni kisoma skrini. Hapo Control, Alt na N, NVDA inaanza. Ikikataa, Windows na Control na Enter, unaamka na Narrator, kisoma skrini cha Windows chenyewe. Mara tisa kati ya kumi mi huwa naishia hapo.

nukta6

Sasa wandugu mbona mnajitesa hivyo, si mtumie simu? Mi natumia simu na kibodi ya Bluetooth, na nikiwa nimesimama naandika kwa nukta nundu juu ya kioo chenyewe, TalkBack ya Android inayo na VoiceOver ya iPhone inayo. Mfukoni tayari, betri siku nzima.

Kiboksi_Bila_Kioo

@nukta6 kuandika sawa, hata mi naandika hivyo kwenye foleni. Jaribu kupanga jedwali la safu 12, au kuchagua aya tatu katikati ya kurasa 40 uzihamishe, afu uje unisimulie.

nukta6

Hapo umenishika 🙄 majedwali sifanyi.

SikioMacho

Asanteni sana, mmenifungua. Nikisoma yote naona mi kazi yangu nyingi ni ya kukaa mezani, kuandika mapajani ni mara chache, kwa hiyo moyo unaelekea kwenye kiboksi na kibodi ya kukunja. Swali la mwisho, prosesa za hivi vitu ni dhaifu, sauti haichelewi? Na hedifoni za Bluetooth?

VidoleKumi

Inategemea sauti. Zile tamu zinazofanana na mtu kwenye mashine dhaifu zinachelewa, unabonyeza mshale inafikiri kwanza. eSpeak NG inayokuja na NVDA ni kavu kama kuni lakini inajibu papo hapo, na Kiswahili imo, usiiache isome Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza utalia.

Kiboksi_Bila_Kioo

Hedifoni za waya, mkuu. Za Bluetooth zinalala mkikaa kimya kidogo, ukirudi zinameza silabi ya kwanza, "futa" unasikia "ta". Kwenye mipangilio ya sauti ya NVDA kuna mahali pa kuongeza muda wa kifaa kubaki macho, inapunguza, ila ule ucheleweshaji wenyewe upo palepale. Mi za Bluetooth naachia vitabu tu.

Na ukishanunua, siku ya kwanza mwite mtu anayeona na skrini yoyote ya kuazima, ingieni BIOS mara moja mkiweke kiboksi kiwake chenyewe kikipata umeme. Kile kitufe cha kuwashia kwenye changu kimelala sawa na boksi, siku nyingine nakitafuta kama sindano.