Kuwafuta makorehidori kulimsaidia nani Peru?

Mjukuu wa Karani: Wadau, mwaka 1784 Hispania iliwaondoa Peru makorehidori, wale watawala wa wilaya, ikaleta maintendenti, watawala wa mikoa mikubwa zaidi. Mwenyeji wa Andes alipata nafuu? Nasema hakupata. Cheo cha korehidori kiliuzwa tangu 1678. Mtu anaingia na deni, ana miaka 5 tu ya kulirudisha. Basi anawagawia watu nyumbu wa mizigo na vitambaa kwa lazima, bei anapanga yeye. Mwaka 1751 mfalme akauhalalisha unyang'anyi huo! Na kodi zilikusanywa na makuraka, machifu wa wenyeji wenyewe, akiwemo Túpac Amaru mnayemsifu, kiongozi wa uasi wa 1780, tajiri wa nyumbu.

Binti Sefu: Tajiri wa nyumbu? Hapo umenichoma, ndugu yangu. Mwaka 1777 alikwenda Lima mwenyewe kuwaombea watu wake wasipelekwe kwa lazima kwenye migodi ya fedha ya Potosí. Akarudi mikono mitupu. Tarehe 4 Novemba 1780 akamkamata Antonio de Arriaga, korehidori wa Tinta, akitoka kula kwa padri. Siku ya 10 akamnyonga Tungasuca mbele ya umati. Kamba ikakatika, ikafungwa nyingine. Mtu wa kutetea nyumbu zake angethubutu hayo?

Mzee Kombo: Binti yangu, ushujaa wake haukatai mtu. Lakini Pumacahua wa Chinchero naye alikuwa kuraka, na alimpigania mfalme dhidi ya Túpac Amaru.

Binti Sefu: Shikamoo mzee, ila Pumacahua usinitajie. Msaliti yule.

Mzee Kombo: Marahaba. Msaliti huyo aliasi mwaka 1814, akauawa 1815. Usimhukumu mtu kwa nusu ya maisha yake.

Binti Sefu: Miaka 34 baadaye! Wa 1781 walikwisha kufa.

Mjukuu wa Karani: Jamani, mada. Ugawaji wa lazima ulipigwa marufuku uasi ukiwa bado unawaka. Chini ya intendenti wakawekwa masubdelegado, watawala wapya wa wilaya, wasio na mshahara wa maana, wanaokula asilimia ya kodi ya kichwa. Njaa ileile, na biashara ile ikarudi kwa mlango wa nyuma.

Binti Sefu: Sawa, lakini neno lako hujalifuta. Micaela Bastidas, mke wa Túpac Amaru, aliuawa mbele ya macho ya mumewe uwanjani Cuzco, 18 Mei 1781, kabla hawajamgeukia mume. Micaela naye pia alikuwa tajiri wa nyumbu?